Kadi Iliyokaa Eda

Simu yangu ilifia ndani ya jagi. Bora niliseme mapema, maana nyumbani kwangu habari hii huanzia hapo hapo, na huanzishwa na watu wasionitakia mema.

Spika yake ilikuwa dhaifu tangu siku niliyoinunua, na mimi siwezi kupiga pasi bila zilipendwa. Nikagundua, kama walivyogundua wengi, kwamba ukiisimamisha simu ndani ya chombo kitupu sauti inavimba. Kikombe kinafaa. Sufuria inatoa mlio wa bati. Lakini jagi la plastiki, lile letu refu la kijani, ndilo lenye besi. Jioni moja umeme ukakatika. Nikaiacha pasi, nikatoka kuuliza majirani kama ni kwetu tu. Huko ndani wimbo mmoja ulikuwa umekwisha na wa pili haujaanza, na katika zile sekunde tatu za ukimya mke wangu akapapasa gizani, akalishika jagi, akalijaza juisi ya ukwaju.

Marijani Rajab akaanza kuimba "Zuwena" akiwa chini ya ukwaju. Alijitahidi, Mungu amrehemu. Akafika nusu ya beti, sauti ikawa ya mtu anayezama, kisha kimya.

"Jagi ni la juisi," alisema mke wangu nilipoingia mbio. "Anayetaka redio akanunue redio."

Tukaifukia kwenye mchele siku mbili. Siku ya tatu nikaipeleka Kariakoo kwa kijana mmoja mwenye meza ya kioo na taa ya kichwani kama mchimba madini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Imeingia maji kidogo."

Akaifungua, akainusa. "Mzee, haya ni maji gani yenye sukari?" Akachukua mswaki, akaanza kutoa chenga za mchele kwenye tundu la chaji, moja moja, akizipanga mezani ili nizione. Kisha akatoa hukumu: simu imekufa, ila memori kadi nzima.

Sikujali simu. Katika ile kadi ya GB 32 kulikuwa na nyimbo 1,900 na ushei, nilizokusanya kwa miaka. Nyingine nilirushiwa kwa bluututhi kwenye msiba. Nyingine niliingiziwa kibandani kwa shilingi elfu tano, na zilikuja na adabu za kibandani: faili linaitwa "Trak 07", mwimbaji hajulikani, na Remmy Ongala akifika mahali pa kuliza watu, DJ anaingilia kutaja namba yake ya simu. Namba hiyo naijua kwa kichwa kuliko ya mke wangu.

Fundi akaichomeka kadi kwenye kompyuta. Kompyuta ikasema haioni kitu, tuifomati? Nikapiga kelele mpaka muuza makava wa jirani akasimama.

"Mzee, uliiweka hii kadi iwe sehemu ya simu?"

Hapo nikakumbuka. Siku simu ilipokuwa mpya iliniuliza: kadi hii iwe ya kuhamishika, au iwe hifadhi ya simu yenyewe? Chini yake kulikuwa na maelezo marefu. Mimi maelezo ya simu nayasoma kama ninavyosoma mkataba wa mkopo, yaani natafuta palipoandikwa "Sawa". Kumbe uchaguzi ule, ambao simu za Android zimekuwa nao tangu toleo la 6 la mwaka 2015, huifunga kadi kwa ufunguo wa siri, na ufunguo hubaki ndani ya simu. Kadi haimfungulii mwingine. Na simu yenye ufunguo ndiyo hiyo iliyokunywa ukwaju.

"Kwa hiyo iko eda," nikamwambia.

Akacheka. "Eda ni miezi minne na siku kumi, mzee. Hii haina kuisha."

Kilichopona ni picha, kwa sababu zilikuwa zikijihifadhi zenyewe mtandaoni. Ninazo zote: tokeni za luku za miaka mitano, na picha 11 za mguu wangu mwenyewe.

Binti yangu alinishangaa. "Baba, si zote ziko YouTube?" Nikanunua bando, nikatafuta "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe. Kweli ipo, safi, imeoshwa. Nikasikiliza mpaka pale gitaa la solo linapopanda, nikakaa tayari kusikia kikohozi. Hakikuja.

Kikohozi hicho ni cha mjomba wangu wa Morogoro. Wimbo ule aliurekodi redioni kwenye kaseti, Januari 1979, wiki ile zilipofika habari kwamba Mbaraka amekufa kwa ajali ya gari Mombasa. Mwaka 2014 nikaenda kwake, nikaiweka simu niliyokuwa nayo wakati huo mbele ya spika ya redio kaseti, nikawaomba wote wanyamaze. Wakanyamaza. Gitaa likapanda, mjomba akakohoa, kisha akainama akaiambia simu kwa unyenyekevu, "Samahani." Kwa nyuma mkewe anafukuza kuku. Kwangu mimi huo ndio wimbo; huu wa mtandaoni umepungukiwa.

Nikapanda basi mpaka Morogoro. Mjomba alisikiliza kisa chote, ukwaju na ufunguo na eda, kisha akavuta boksi la viatu chini ya kitanda, akatoa kaseti yake, akaingiza kalamu ya Bic kwenye tundu, akaukaza utepe taratibu bila kunitazama.

"Hii," akasema, "haijawahi kuniuliza swali lolote."

Nikaweka simu mpya mbele ya spika. Nikamweleza ninachohitaji.

"Nikohoe? Nami siumwi?"

"Pale solo inapopanda, mjomba. Kama siku ile."

Akakaa wima kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti, mkono mdomoni, macho kwenye kaseti inayozunguka. Mkewe akasogea mlangoni na kuku mmoja kwapani, endapo atahitajika. Beti ya kwanza ikapita. Solo ilikuwa bado mbali mjomba alipokohoa.

"Nimewahi," akanong'ona kwenye simu. "Samahani. Rudisha nyuma."