Nipeni Hongera, Siyo Pole

Jamani, nina pikipiki mpya. Narudia, mpya. Upya wake naujua kwa sababu deni lake bado bichi. Mshahara ukiingia linakula lenyewe kwanza, mimi naambulia makombo. Ila tangu niilete mtaani hakuna mtu kanipa hongera. Napewa pole. Jirani alikuja usiku na mkewe, wakakaa, wakanywa chai yangu, jamaa akashusha pumzi. "Jirani, usikate tamaa. Anza na hii hii. Boxer utakuja kuipata tu, Mungu hamtupi mja wake."

Mama mkwe ndiye aliyenimaliza. Kaizunguka, kagusa tangi kwa kidole, akaniuliza kwa upole: "Kumbe marehemu mzee wako aliacha na pikipiki? Na mashamba je?"

Shida ni sura. Inaitwa Royal Enfield Classic 350. Injini ya kisasa, breki za ABS, mpaka sehemu ya kuchajia simu inayo. Lakini wameichonga makusudi kabisa ifanane na pikipiki za baada ya Vita Kuu ya Pili. Taa ya duara yenye kofia. Madigadi ya chuma. Spoki. Tangi limevimba kizamani. Muuzaji akaniita bosi, akasema katika mambo ya retro hii ndiyo bei nafuu. Mimi mambo ya zamani nilikuwa naishia kwenye zilipendwa za redioni, nikatikisa kichwa kana kwamba naelewa. Nafuu kweli, ukiipima na Triumph Bonneville. Nilisahau kumuuliza, huku kwetu nani ana Triumph Bonneville? Watu wanaipima na Boxer. Na kwa Boxer, bosi wangu, nimepigwa.

Hata abiria wa bodaboda wananikataa. Na mimi si bodaboda! Nimesimama zangu Buguruni napokea simu, dada mmoja kaja mbio na kapu. "Boda, Mbagala buku tatu?" Nikajiandaa kumwambia dada yangu, hiki ni chombo binafsi, namba ya njano ile pale. Sikufika huko. Kaiangalia, kaiangalia tena, akarudi nyuma. "Basi kaka, ngoja nisubiri nyingine." Sasa mimi tena ndiye nikaanza kumbembeleza. Dada, hii mpya! "Sawa kaka." Ina ABS! "Pole kaka." Nadhani alifikiri ni ugonjwa.

Haya, asubuhi moja ikagoma kuwaka. Nabonyeza, inasema tik. Nabonyeza, tik. Mwanaume mwenye akili hapo anapiga kiki. Nikaitafuta kiki. Kulia hamna. Kushoto hamna. Nikapiga magoti na suruali ya kazini nikachungulia chini, wanafunzi wamesimama wananitazama. Haina kiki! Yaani kitu kina sura ya kupeleka barua za gavana, halafu hakina kiki. Classic za kabla yake zilikuwa nayo. Walipoleta hii injini mpya ya cc 349, mwaka 2021, wakaona kiki ya nini. Ya nini? Waje Tabata waniulize mimi.

Ikabidi nisukume. Ina kilo 195. Boxer ikizima mnaishika watu wawili mnavuka nayo mtaro mnapiga stori. Hii kabla ya kuisukuma unaitisha kikao cha ukoo. Nimefika kijiweni kwa fundi shati limeloa mpaka tai.

Fundi wetu ana heshima zake, SanLG anaishusha injini huku anabishana mambo ya Simba na Yanga. Akatoa siti. Akatoa makava ya pembeni. Akanyamaza. Fundi akinyamaza, ujue pesa inaondoka. Akaniita pembeni, akashusha sauti. "Mzee, nikwambie ukweli? Wamekuibia kabureta."

Nguvu zikaniisha. Nikaanza kupekua kichwani nani na nani niliwahi kuwaachia funguo. Kijana wa kuosha. Mlinzi wa ofisini. Shemeji yangu! Shemeji aliazima Jumapili, akarudi anacheka cheka. Nikampigia simu pale pale, maneno niliyomwambia siyarudii hapa. Halafu nikapanda daladala mpaka Kariakoo kutafuta kabureta. Duka la kwanza wananielekeza la pili. La pili wananielekeza uchochoroni. Kule kijana wa kaunta akauliza ni ya pikipiki gani, nikamtajia, akawaita wenzake waje wasikie. "Rudia, braza." Nikarudia. "Hiyo haina kabureta, braza. Inatumia nozo, na kompyuta ndiyo inaipimia mafuta." Nikasema najua, nilitaka kuona kama na nyie mnajua. Hakuna aliyeniamini. Nikanunua plagi ili nisionekane nimetoka mikono mitupu. Plagi yenyewe haiingii.

Kumbe ni betri. Alamu ya wizi niliyofungiwa na jamaa mmoja kwa bei ya kishkaji ilikuwa inainyonya usiku kucha. Betri nimebadilisha. Shemeji hajanisamehe mpaka leo.

Na hapo sijakugusia rangi. Dukani kuna nyeusi, kuna nyekundu, kuna rangi za watu wenye akili timamu. Mimi nikachagua ya mchanga wa jangwani, toleo wanaloliita Signals, la kuenzi jeshi la India, na kwenye tangi imepigwa namba kwa stensili. Nikajitazama kwenye kioo cha duka, nikajiona kamanda. Sikukumbuka naishi nchi gani. Mwaka 2023 JWTZ walitoa siku saba watu wasalimishe nguo zinazofanana na sare za jeshi. Nguo tu. Mimi nakatiza mjini juu ya kilo 195 za sare.

Trafiki akanipungia mkono. Kaitazama rangi, kaitazama namba ya tangini, akasimama vizuri. Sijawahi kuheshimiwa vile barabarani. "Habari za kazi, afande. Uko kikosi gani?" Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kukohoa tu. Mdomo wangu ukasema: "Hapana afande, mimi mhasibu msaidizi." Ungeona heshima ilivyomtoka. Shuka. Leseni. Bima. Washa indiketa. Zima indiketa. Hii namba ya tangini nani kakupa? Helmeti ya abiria iko wapi? Afande, abiria mwenyewe nampata wapi?

Mwendo nao usiniulize. Nguvu za farasi ishirini tu, na uzito ule. Mlio wake mzito, unadunda mpaka vioo vya kibanda cha M-Pesa vinatikisika, watu wanageuka wakitegemea kitu kinapita. Hakipiti kitu. Juzi Barabara ya Mandela, nimeinama, nimevuta mafuta mpaka mwisho, kanipita kijana wa boda amebeba kochi. Juu ya kochi amekaa mwenye kochi. Wakanipungia.

Mtu mmoja tu alinipa matumaini. Mzee wa Kihindi, Kisutu, nimeegesha naagiza chai, akaja taratibu na fimbo yake. Shikamoo mzee. "Marahaba kijana." Akalipapasa tangi, macho yakamlegea. Basi akanipa darasa. Kumbe kampuni ilizaliwa Uingereza, mji unaitwa Redditch, pikipiki ya kwanza wakaitoa 1901. Jeshi la India likaipenda pikipiki yao moja, Bullet, kwa doria za mpakani, na mwaka 1955 ikaanzishwa kampuni ya kuziunda kule kule, Madras, ambayo siku hizi ni Chennai. Waingereza wenyewe wakafunga mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wahindi wakaendelea. Mimi muda wote huo nikidhani Royal maana yake nimenunua mali ya malkia, na nilishamtambia mke wangu hivyo hivyo.

Haidhuru, nikavimba. Wapita njia wameanza kusimama, nikawa natamani jirani yangu apite asikie. Mara mzee akainama upande wa kulia. "Gia iko wapi?" Kushoto, mzee. "Breki ya mguu?" Kulia. Akaguna. Bullet ya ujana wake gia ilikuwa kulia, breki kushoto, na kuiwasha ilitaka mtu mwenye ufundi wa mguu. "Kiki je?" Nikatazama chini. Akanishika bega. "Siyo yenyewe hii, mwanangu. Hii mpya." Dar es Salaam nzima, mtu wa kwanza kutambua kwamba ni mpya, halafu na yeye akanipa pole.

Kuiuza siwezi, nani ataamini bei? Sasa tairi la nyuma limeanza kuisha. Ni la inchi 18, limeandikwa 120/80, la Boxer halikai. Kariakoo siwezi kurudi, kile kichochoro chote wananijua. Msomaji wangu, ukisikia duka lingine lolote lenye tairi hilo, nishtue. Ila tafadhali, usiwaambie ni la nani.