Bei ya Rafuni, Bei ya Kaunta

Kudai shilingi 30 mbele ya foleni ya Jumamosi jioni kunahitaji uso mkavu. Sukari ya kilo 2 imeandikwa 289 rafuni; mashine ya kaunta inasoma 319. Mteja akiuliza, keshia hutazama skrini na kujibu, "Sistimu ndiyo inasema hivyo." Kisha humwita supavaiza, kwani yeye hana ruhusa ya kufuta bidhaa iliyokwisha kupita. Supavaiza yuko upande wa mikate. Anakuja kwa mwendo wa bibi harusi, ufunguo ukining'inia shingoni. Nyuma mtu mwenye pakiti mbili za maziwa anasonya. Mwingine anajitolea kulipa hizo thelathini ili watu waende zao. Mwenye haki amekwisha kugeuka ombaomba.

Mistari myeusi iliyo kwenye pakiti haibebi bei yoyote. Hubeba tarakimu 13 tu. Za mwanzo huonyesha shirika la nchi gani lilitoa namba, ndiyo maana bidhaa nyingi za Kenya huanza na 616 na za Tanzania 620. Zinazofuata hutambulisha kampuni na bidhaa. Ya mwisho huhakiki zile 12 zilizotangulia, ili mashine ikisoma vibaya ijishtukie. Namba ikisomeka, mashine huiuliza kompyuta ya duka bei. Mtindo huu ulianza dukani tarehe 26 Juni 1974, pakiti ya chingamu ilipopitishwa kaunta huko Troy, Ohio, Marekani, kwa senti 67. Leo bei ya kompyuta hubadilishwa ofisini kwa kubofya. Ya rafuni humngoja kijana mwenye karatasi, akishamaliza kupanga unga. Duka moja, bei mbili.

Sheria nayo ina vituko vyake. Sheria ya mikataba ya Kenya hufuata ya Uingereza, ambako kesi ya duka la dawa la Boots, mwaka 1953, iliamua kwamba bidhaa ya rafuni ni mwaliko tu: mteja ndiye anayependekeza kununua akifika kaunta, na duka laweza kukataa. Kwa hiyo hawezi kulilazimisha limuuzie kwa 289. Hata hivyo, Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa haki ya kufidiwa hasara itokanayo na kasoro ya bidhaa au huduma.

Ajabu ni kwamba kaunta ikitoza pungufu, kosa hugunduliwa kabla ya adhuhuri. Kibandiko kikionyesha pungufu, hukaa wiki nzima. Hakuna atakayeshtaki kwa shilingi 30, na duka linajua. Wanaohesabu sarafu ndio wanaoumia, na thelathini zao zote huishia droo moja. Kurudishiwa peremende badala ya chenji ni mchezo uleule.

Kabla ya kulipa, mteja anaweza kuiacha bidhaa bila kudaiwa kitu. Akishalipa, atunze risiti na kukipiga picha kibandiko kabla hakijabanduliwa, kisha amwone meneja adai tofauti. Asiposikilizwa, alalamike kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Mahakama ya Madai Madogo nayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, ila nauli ya kufika huko huzidi dai lenyewe.