Sultan Alipohamia Dunda

Tamthilia ya Sultan Suleiman na mkewe Hurrem, Waturuki waliirusha hewani kati ya 2011 na 2014, sehemu 139, wakaiita Muhteşem Yüzyıl. Azam TV ikatuletea kwa Kiswahili, ikaitwa Sultan, na Dunda, kata yetu ya Bagamoyo, ikapata wakwe Istanbul. Jioni mwenye king'amuzi alipokea wageni ambao hakuwaalika, na kila mmoja alijua pake pa kukaa. Nahesabu yaliyotunasa, kutoka saba kushuka hadi moja, na hiyo moja sibishani na mtu.

7. Mavazi. Hurrem alivaa mawe shingoni kabla ya chai ya asubuhi! Kesho yake fundi cherehani wa mtaani alikuwa anachorewa hewani mikono ya gauni la Hatice, dada yake Suleiman.

6. Sümbül Ağa, towashi wa jumba la wanawake, aliyechezwa na Selim Bayraktar. Angekuwa mkazi wa Dunda, habari za jirani zetu wa Kaole zingetufikia kabla bodaboda haijawashwa. Tulimpenda kwa woga wake, maana aliogopa na bado akaokoa watu.

5. Siku Hurrem alipobadilika sura. Meryem Uzerli, aliyemcheza, aliondoka 2013, akaingia Vahide Perçin. Baraza letu liligawanyika kama siku ya Simba na Yanga. Mimi nilibaki na wa kwanza, moyo hauhamishwi kwa tangazo.

4. Pete ya zumaridi. Suleiman wa historia alifundishwa usonara, na tamthilia ikalitumia hilo vizuri kuliko vita vyote vilivyopigwa mle. Mfalme anainama juu ya meza na vyombo vya fundi. Mahidevran, mama wa Mustafa mwana wa mfalme, anaiona pete ikitengenezwa, anaamini ni yake. Kisha anaiona kwenye kidole cha Hurrem. Jamani, yule dada hakupiga kelele. Uso wake tu ulitosha. Shangazi yangu, aliyekuwa upande wa Hurrem tangu mwanzo, siku hiyo alinyamaza hadi matangazo yakaisha, halafu akasema, "Lakini mke mkubwa kaonewa." Tamthilia inayomfanya shangazi yangu abadili upande imefanya kazi.

3. Asiseme mtu kwamba Uturuki ni mbali. Miaka ya 1580, Murad III akitawala, nahodha Mir Ali Bey alikuja na merikebu pwani hii kupambana na Wareno, wakamkamata Mombasa 1589. Na Murad ni nani? Mjukuu wa Hurrem. Wakwe zetu walishapiga hodi zamani.

2. Mustafa. Historia haikutuficha: aliuawa 1553, kwa amri ya baba yake mzazi. Tulijua, tukakaa, tukalia. Kahawa ilipoa vikombeni.

1. Maneno. Waliotia sauti za Kiswahili hawakwenda kuazima popote. Suria, towashi, mjakazi, kasri: yote tunayo, kwa sababu mambo yenyewe tuliyaishi. Jilfidan, mama yake Seyyida Salme, alikuwa Mcherkesi aliyechukuliwa kwao akiwa mtoto, akawa suria wa Seyyid Said, mtawala wa Unguja. Binti yake, mwaka 1866, akatoroka kwa ajili ya mapenzi yake na Mjerumani Heinrich Ruete, akaacha kasri na ndugu. (Watayarishaji wetu, hiyo hadithi inawasubiri, na milango ya nakshi ya kuipigia picha ipo hapa Mji Mkongwe wa Bagamoyo.) Bagamoyo nayo ilipokea misafara iliyoshusha pembe za ndovu pamoja na watu. Basi Hurrem, msichana aliyetekwa nchi ambayo leo ni Ukraine akauzwa, hakuja kwetu kama mgeni. Wengine wanamwita mwenye hila. Mimi kila hila yake naiona ni ya mtu aliyeuzwa mara moja na kuapa kwamba hatauzwa tena, wala wanawe. Na kwamba mfalme alimwoa ndoa halali, jambo lililoshangaza dola nzima, hilo lilitokea kweli.

Suleiman aliandika mashairi mengi, na ndani yake hakujiita Sultan. Alijiita Muhibbi. Nilipomwambia mama, aliacha kukuna nazi.

"Muhibu?"

"Ndiyo, mama."

"Huyo wetu," akasema, akavuta mbuzi karibu, akaendelea kukuna.