Namna ya Kumnyima Kijana Kazi Kabla Hajaiomba

Ukitaka mtoto wa mkulima wa Kibondo afike miaka 25 akiwa na shahada na asiwe na kazi, usingoje amalize chuo. Anza naye darasa la kwanza. Msomeshe kwa Kiswahili hadi amalize shule ya msingi, kisha akiingia kidato cha kwanza umgeuzie kibao: karibu masomo yote yawe kwa Kiingereza. Somo la jinsi majani yanavyojitengenezea chakula, alilolielewa barabara zamani, sasa atalinakili ubaoni neno kwa neno, asijue kuwa ni lile lile. Mwenzake aliyelipiwa ada ya shule binafsi inayofundisha kwa Kiingereza tangu chekechea hatahangaika.

Huyu wako ada usimtoze. Serikali iliifuta kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, cha tano na sita mwaka 2022, na ilifanya jambo jema sana. Sare, madaftari na chakula bado vinatosha kumtikisa baba yake.

Akipenya mpaka chuo kikuu kwa mkopo, subiri ahitimu. Tangaza kazi ya kuanzia, halafu andika chini yake: uzoefu usiopungua miaka mitatu. Uzoefu ataupata wapi? Atajitolea. Na kujitolea Dar es Salaam ni kwa mwenye kwao Dar es Salaam, anayelala kwa wazazi na kuamka akakuta chai mezani. Huyu wa Kibondo atalipa kodi ya chumba, mara nyingi miezi sita kwa mkupuo, daladala mbili asubuhi na mbili jioni, wali maharage mchana, yote kutoka kwenye mshahara ambao haupo. Atavumilia miezi miwili mitatu, atauza simu, atarudi kwao. Nafasi atapewa wa mjini, nasi tutasema alikuwa na uzoefu. Hapo ndipo ninapoumia zaidi, maana aliyeachwa hakushindwa kwa akili.

Akishafika shambani, mwambie vijana wa leo wanachagua kazi. Mwambie ajiajiri, na mtaji usimwonyeshe.

Hatua hizi zote zinafuatwa sasa hivi, na nyingi tunaweza kuziacha. Waajiri, futeni sharti la uzoefu kwa kazi za kuanzia. Na nyinyi mnaopokea vijana wa kujitolea, wapeni nauli na chakula cha mchana tangu siku ya kwanza.