Naomba Ekari Tatu na Robo Tatu Zilizobaki

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, Ufugaji na Uvuvi,
Entebbe.

Salamu kutoka Mbale, chini ya kilima cha Wanale. Somo la serikali la ekari nne limetufikia na tumelielewa: moja ya kahawa, moja ya matunda, moja ya majani ya ng'ombe, moja ya chakula. Kuku na nguruwe wakae uani, samaki wafugwe na walio karibu na kinamasi. Hesabu haina kasoro. Kasoro ninayo mimi, mwenye robo ekari.

Marehemu baba alikuwa na ekari moja na wana wanne. Aligawa bila upendeleo, akapanda miti ya mipaka, kisha akazikwa kwenye fungu langu, kwa hiyo hata hiyo robo si kamili. Mwongozo nimeutii kwa kadiri ya nafasi. Kahawa iko chini ya migomba, maharage chini ya kahawa. Ng'ombe nimemfunga mpakani: akielekea mashariki, anakula kwangu na kukamuliwa kwa kaka. Tumefikishana kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1) mara mbili. Ameamua kwamba saa za kukamua, mnyama asigeuke.

Dada yangu ameolewa upande wa Jinja. Kule kiwanda cha sukari cha Kakira kipo tangu 1930, na miwa imeshafika ukutani mwa jiko lake. Rais amewaambia Wasoga, wenyeji wa huko, mara nyingi kwamba miwa haimfai mwenye kishamba. Kweli tupu! Ila shemeji ameshakodisha kishamba chenyewe kwa mkulima wa miwa, apate ada ya watoto. Ada hudaiwa mara tatu kwa mwaka. Muwa hukomaa kwa miezi kama 18. Siku hizi wenye vishamba wa kule wananunua unga dukani, kwa kilo.

Milioni moja ya Mpango wa Maendeleo wa Parokia, uliozinduliwa hapa jirani Kibuku mwaka 2022, ni fedha njema. Inanunua kuku, na kuku huangua. Ardhi haiangui.

Sheria ya Ardhi ya 1998 nayo haikunisahau. Inaniruhusu niombe hati ya umiliki wa kimila, ambayo itathibitisha, kwa muhuri, kwamba nina robo ekari. Sheria hiyohiyo iliunda Mfuko wa Ardhi, uwasaidie wapangaji kununua ardhi wanayoikalia, na uwape makazi waliopoteza ardhi kwa hatua ya serikali, kwa maafa au kwa sababu nyingine yoyote. Mimi si mpangaji. Mwenye ardhi wangu amelala pale nyuma ya mgomba wa tatu, na hauzi. Maafa tunayajua. Maporomoko ya mlima yalipokifukia kijiji cha Nametsi, kule Bududa, Machi 2010, walionusurika wakapelekwa Kiryandongo. Kwenye foleni hiyo nawaachia wengine nafasi yangu.

Naomba basi nihesabiwe kwenye hiyo “sababu nyingine yoyote”. Sababu yangu ni kaka watatu, wote wazima, wote wana watoto wa kiume.

Ekari tatu na robo tatu zilizobaki zinaweza kuletwa pamoja na miche ya kahawa, gari ni lilelile. Mpima ardhi akija, afike mapema asubuhi, kabla ng'ombe hajageuka.

Wako mtiifu,
Mkulima wa robo ekari, Mbale