Tusi la London Likifika Chicago

Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani hutofautiana kidogo katika sarufi, zaidi katika tahajia, na kupita kiasi katika matusi. Yale mazito kabisa, kama lile la herufi nne linaloanza na F, nchi zote mbili zinayo, na watu wa nyumbani Tanzania wameshayasikia ya kutosha kwenye sinema. Hayo hayahitaji maelezo. Yanayomtoa mgeni jasho ni matusi ya daraja la pili, ambayo ng'ambo moja ya Atlantiki ni matusi na ng'ambo ya pili hayajulikani, au yanajulikana kwa maana nyingine kabisa.

Linaloongoza kwa umaarufu ni "bloody". Kamusi itasema ni kitu chenye damu, lakini mdomoni mwa Mwingereza damu haimo. Kazi ya neno ni kutia chumvi. Mvua ni "bloody", treni iliyochelewa ni "bloody", na chai ikikolea nayo ni "bloody" nzuri. Zamani halikuwa jepesi hivyo. Mwezi Aprili 1914, tamthilia ya George Bernard Shaw, Pygmalion, ilipofika London kwa mara ya kwanza, mwigizaji Mrs Patrick Campbell alilitamka jukwaani na mji ukazizima. Baadaye wacheshi wakawa wanataja jina la tamthilia mahali pa neno lenyewe, na kila mtu akielewa. Mmarekani hajapata kuliogopa. Akilitamka, ujue anaigiza Mwingereza, na kwa kawaida anaigiza vibaya.

"Wanker" nalo ni la Uingereza. Maana yake ya asili ni mpiga punyeto, na katika matumizi ni mtu wa hovyo asiyejijua kuwa ni wa hovyo. Refa wa mpira hulisikia kila Jumamosi, likisindikizwa na ishara ya mkono isiyohitaji mkalimani. Marekani neno hili lilikuwa geni kiasi kwamba katika Married... with Children, kipindi cha vichekesho kilichoanza kurushwa mwaka 1987, mama wa familia anatoka wilaya ya kubuni inayoitwa Wanker. Mtazamaji wa Ohio alicheka kwa sababu jina linasikika la kishamba. Mtazamaji wa Manchester aliona familia nzima imetokea Wilaya ya Punyeto.

"Bollocks" limefika hadi mahakamani. Ni makende, lakini hutumika zaidi kwa maana ya upuuzi mtupu. Mwaka 1977 bendi ya Sex Pistols ililiweka kwenye jina la albamu yao, na meneja wa duka moja la muziki mjini Nottingham akashtakiwa kwa kuweka majalada hayo dirishani. Upande wa utetezi ulimleta profesa wa Kiingereza wa Chuo Kikuu cha Nottingham, ambaye aliieleza mahakama kwa utulivu kwamba zamani neno hilo lilikuwa jina la utani la mapadri, na kwa kuwa mapadri walisifika kwa kusema upuuzi, maana ya upuuzi ikafuata. Mahakimu wakamwachia mshtakiwa, na haikuonekana kuwafurahisha hata kidogo. Marekani kesi ya namna hiyo isingefunguliwa, kwa kuwa mwendesha mashtaka asingejua anashtaki nini.

Wamarekani wana kesi zao. Mwaka 1972 mchekeshaji George Carlin alitunga mchezo kuhusu maneno saba yasiyoruhusiwa kwenye televisheni, na mwaka huohuo akakamatwa Milwaukee kwa kuyasema hadharani. Redio moja ya New York iliporusha mchezo wa aina hiyo mchana, shauri lilipanda hadi Mahakama ya Juu ya nchi, ambayo mwaka 1978 iliamua kwamba serikali ina haki ya kudhibiti lugha chafu hewani. Leo redio na televisheni za kawaida za huko zinapata nafuu kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Uingereza mpaka wa televisheni ni saa tatu usiku, na saa tatu na dakika moja baadhi ya waandishi wa vipindi hujitahidi kufidia muda waliopoteza. Katika yale saba ya Carlin hakuna hata moja lililo la Waingereza peke yao. Kwa hiyo mtu anaweza kumwaga "bollocks" kwenye redio ya Texas mchana kweupe, na wengi wa wasikilizaji wakadhani ni aina ya mboga.

Hatari yenyewe iko kwenye maneno ya pande zote mbili. "Pissed" Uingereza ni mtu aliyelewa, Marekani ni mtu aliyekasirika. Wa kwanza hutafutiwa teksi, wa pili hupishwa njia. "Fag" kwa Mwingereza ni sigara, kwa Mmarekani ni tusi zito kwa mashoga, na mvuta sigara kutoka Leeds anayeomba moja nje ya baa ya Chicago anaweza kupata jibu asilolitarajia. "Fanny" Marekani ni makalio, tena neno la bibi na wajukuu. Uingereza ni sehemu za siri za mwanamke. Mkoba mdogo wa kufunga kiunoni Wamarekani huuita kwa jina hilo dukani bila aibu, na Mwingereza aliye jirani hugeukia rafu nyingine.

Zito kuliko hayo ni "spaz". Marekani huchukuliwa kuwa mtu aliyevurugikiwa au aliyepagawa. Uingereza ni tusi linalowadhalilisha watu wenye mtindio wa ubongo, na neno mama lake lilichafuka hata shirika kubwa la kuwasaidia watu hao likaliondoa kwenye jina lake mwaka 1994 na kujiita Scope. Mwaka 2006 Tiger Woods alijiita hivyo baada ya kukosa mipigo ya karibu na shimo kwenye mashindano ya gofu ya Masters. Kwao wengi hawakushtuka, Uingereza ikawa habari kubwa, na akaomba radhi. Mwaka 2022 Lizzo na Beyoncé walirekodi upya mistari ya nyimbo zao kwa sababu ya neno hilohilo. Hapa Waingereza wana haki, na si suala la unyeti wa kupindukia.

Lile tusi la uke linaloanza na C huonesha tofauti ya tabia kuliko kamusi yoyote. Marekani karibu hakuna baya zaidi, hasa likielekezwa kwa mwanamke. Uingereza nako Ofcom, mamlaka ya utangazaji, inaliweka kwenye kundi la makali kabisa, lakini wanaume marafiki, Glasgow hasa, huitana hivyo huku wakinunuliana bia. Watu wa nyumbani wataelewa wakikumbuka utani wa Wazaramo na Wanyamwezi: mtani hutukanwa hata msibani, na akinuna yeye ndiye mkosaji. Mwingereza anapoanza kuwa mwenye adabu kupita kiasi, hapo ndipo pa kuogopa.

Marekani ulimi huchungwa zaidi na dini. Kuna majimbo ambako kulitaja bure jina la Mungu au la Yesu huumiza masikio kuliko tusi la mwilini, ndiyo maana kuna akiba kubwa ya maneno ya kufunika: "gosh", "darn", "heck". Kusini, mama mtu mzima humwambia mgeni "bless your heart" kwa tabasamu pana. Mara nyingine ni baraka. Mara nyingine anamaanisha huyu mtoto wa watu hana akili, na sauti ni ileile.

Kwa upande mwingine, Waingereza wana maneno ya upendo yanayosikika kama matusi. Bibi wa Kitanga akipanda basi Nottingham ataitwa "duck", yaani bata. Newcastle ataitwa "pet", mnyama wa kufugwa. Akifika Glasgow atakuwa "hen", kuku. Hajatukanwa popote, na nauli ni ileile.

Mikono nayo husema. Alama ya vidole viwili, kiganja kikiwatazama watu, ni amani au ushindi kote. Ikigeuzwa, kwa Mwingereza na Mwaustralia ni tusi. Rais George Bush mkubwa aliigeuza akiwa garini mjini Canberra mwaka 1992, akidhani anawasalimu wenyeji.

Wanaojiandaa kwa safari ya Marekani na Kiingereza cha shuleni walichorithi kwa Mwingereza wazingatie neno moja kuliko yote. Ile raba ya kufutia penseli huko huitwa "eraser". Mwanafunzi akisimama darasani kuomba "rubber", ameomba kondomu.