Chai ya Maziwa Juu ya Herufi A

Nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, ina laptopu moja na watu wengi wanaoitegemea. Mchana huitumia kijana wangu wa kidato cha tatu. Jioni ni zamu yangu, maana mimi ni mwalimu na mitihani ya muhula lazima ichapwe. Usiku ukiingia, huichukua baba mkwe wangu, ambaye nyumba nzima inamwita Babu. Anaandika shajara ya ukoo kwa mkono wa kushoto, tangu kiharusi kilipoulegeza wa kulia. Kwa hiyo balaa la Ijumaa ile lilitupata sote.

Kitinda mimba wangu alikuwa akimpelekea Babu chai. Chai ya kwetu ni ya maziwa, tangawizi na sukari ya kutosha. Paka akampita miguuni, kikombe kikainama, chai ikamwagika upande wa kushoto wa kibodi, kuanzia Tab hadi Shift, na herufi A ikiwa katikati ya dimbwi.

"Zima!" Babu alisema kwa sauti ambayo hatukuisikia tangu augue. "Zima kwanza, mengine baadaye!"

Babu hakusomea kompyuta. Alikuwa karani katika shamba la mkonge, akachapa barua za meneja kwa mashine ya chapa kwa miaka mingi, na anajua kwamba mashine iliyopatwa na jambo husimamishwa kabla ya kuulizwa kulikoni. Mume wangu akachomoa chaja. Kijana akakishikilia kitufe cha kuwashia mpaka skrini ikazimika. Tukaigeuza kifudifudi juu ya kanga kuukuu, skrini ikining'inia upande mmoja wa meza na kibodi ikitazama chini, ili chai irudi ilikoingilia badala ya kuzama zaidi.

Haraka ile ilikuwa na sababu. Kibodi ya kompyuta ya mezani ikilowa, unaitupa na kununua nyingine. Kibodi ya laptopu imelala juu ya mazabodi, ule ubao wenye saketi zote kuu, na betri iko hapo hapo jirani. Majimaji yakifika huko umeme ukiwa unapita, njia zisizopaswa kukutana hukutana, na hapo hakuna tena cha kusafisha.

Habari za nyumba ya Ngamiani hazikai ndani. Kabla ya isha, ushauri ulikuwa umeshaingia kwa mlango wa mbele na wa uani. Jirani mmoja alileta mchele, akataka tuifukie. Mwingine akasema tuianike juani asubuhi. Wa tatu akaja na mafuta ya nazi, kwa hoja kwamba kinachokwama hulainishwa. Wote walikuja kwa mapenzi na niliwashukuru. Lakini mchele haunyonyi sukari. Hata ukifaulu kunywa maji, sukari na maziwa vinabaki pale pale, na unga wa mchele unaongezeka juu yake. Jua la Tanga linaweza kupinda plastiki nyembamba. Nayo mafuta hukusanya vumbi, na vumbi lililoshika mafuta ni gumu kuliko chai yenyewe. Tukaiacha kanga ifanye kazi yake, pangaboi likizunguka, mpaka Jumapili.

Jumapili ikawaka. Nyumba nzima ilishusha pumzi. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kunakili mitihani yangu na shajara ya Babu kwenye flashi, na namshauri kila mtu afanye hivyo kabla ya kugusa kitu kingine chochote, kwa kuwa kompyuta iliyolowa ikawaka leo haijaahidi kuwaka kesho. Kisha nikafungua karatasi mpya nikaanza kuandika.

"Jibu maaaaaaaaaaaaswali yote."

A ilishuka na haikupanda. Nikiingoja inarudi polepole, nikiibonyeza tena inabaki chini na kumwaga mstari mzima. Kwa mtu anayeandika Kiswahili, hakuna herufi mbaya zaidi ya kuugua. Hakuna nyingine tunayoitumia kwa wingi kama hiyo. Ondoa A, na sentensi yoyote ya mtihani inasambaratika.

Balaa la pili likazuka juu ya la kwanza. Kitinda mimba, akitaka kusaidia, alikuwa amekibonyeza kitufe cha Shift mara nyingi ili kilegee. Kompyuta ikalia mlio, likatokea dirisha la kuuliza swali, naye akakubali. Kuanzia hapo herufi kubwa zikawa zinajitokeza bila kuitwa. Mume wangu akahitimisha kwamba chai imeshafika kwenye mazabodi.

Kijana wangu hakukubali. "Baba, tutenganishe kwanza. Ipi ni shida ya kitufe, na ipi ni shida ya programu?"

Akaenda kwa jirani kuazima kibodi ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya, akaichomeka. Kwa kibodi ile herufi zote ziliandika sawasawa, hata A. Maana yake kompyuta yenyewe ilikuwa nzima. Lakini alipoigusa A ya laptopu kwa kidole, ile mvua ya herufi ikarudi. Basi ugonjwa wa A ulikuwa kwenye kitufe chenyewe.

Ugonjwa wa Shift ulikuwa wa aina nyingine. Ndani ya Windows imo huduma ambayo huitwa kwa kubonyeza Shift mara tano mfululizo. Ikishawashwa, mtu hahitaji kushikilia Shift kwa kidole kimoja huku akibonyeza herufi kwa kingine. Anabonyeza Shift na kuiachia, kisha anabonyeza herufi, nayo inatoka kubwa. Akiibonyeza Shift mara mbili, inajifunga na kila herufi inatoka kubwa. Iliwekwa kwa ajili ya watu wasioweza kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Imo tangu Windows 95, na chimbuko lake ni kazi ya watafiti wa kituo cha Trace cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Kuizima ni rahisi: bonyeza vitufe viwili kwa wakati mmoja, kimojawapo kikiwa Shift. Kijana akanyoosha mkono kuizima.

"Ngoja," Babu akasema. "Hebu rudia hayo maneno. Inamfaa nani?"

Kijana akarudia. Babu akavuta kiti. Kwa mkono wake wa kushoto akabonyeza Shift, akaiachia, akabonyeza H, ikatoka kubwa. Akaandika jina la marehemu mama yake, kila neno likianza na herufi kubwa. Ukoo mzima alikuwa ameuandika kwa herufi ndogo, akinisubiri nimsahihishie majina jioni, na hakuwahi kuniambia kwamba jambo hilo linamuuma. "Kwenye mashine ya chapa," alisema, "kulikuwa na kitufe cha kufunga. Nilidhani hawa wamekisahau." Tukamfungulia akaunti yake mwenyewe, huduma ile ikabaki kwake daima. Kwangu tukaizima.

A ikabaki. Mume wangu alikwenda kwa fundi wa simu anayemwamini, akaambiwa mambo mawili. La kwanza, kubadilisha kibodi nzima kunawezekana, lakini kwa laptopu nyingi kibodi imebanwa kwenye bamba la juu kwa misumari midogo isiyofunguka, na gharama yake inakaribia ada ya muhula. La pili, ajaribu kwanza kuisafisha. Akampa kichupa cha alkoholi ile wanayosafishia saketi, iliyo karibu safi kabisa, inayokauka mara moja. Akamwonya pia kwamba asing'oe kitufe kabla ya kujua miguu yake ni ya aina gani. Alimtajia kompyuta za Apple zilizotoka kuanzia mwaka 2015 zikiwa na vitufe vyembamba vya mtindo wa kipepeo. Hizo zilikwama kwa punje ya vumbi na kuvunjika miguu kirahisi, hadi mwaka 2018 kampuni ikatangaza mpango wa kuzitengeneza bure, na mwishoni mwa 2019 ikaanza kurudi kwenye mtindo wa zamani.

Yetu ni ya mtindo wa mkasi, ulioenea zaidi. Juu kuna kofia yenye herufi. Chini yake kuna vipande viwili vya plastiki vilivyopishana, vinavyoifanya kofia ishuke na kupanda bila kuyumba, safari ya milimita moja au mbili tu. Katikati kuna kikombe kidogo cha mpira kinachoirudisha juu. Chini kabisa kuna karatasi za plastiki za tabaka tatu: ya juu na ya chini zina njia za umeme, ya kati ina matundu. Kidole kikikandamiza, ya juu inaigusa ya chini kupitia tundu, na kompyuta inajua A imebonyezwa. Chochote kinachonata kwenye mkasi kinaizuia kofia kupanda, na kompyuta inaendelea kuamini kidole bado kipo.

Tukaizima tena, tukachomoa chaja. Tulipiga picha ya kibodi kwa simu, vitufe visije vikapotezana. Kijana akapenyeza kadi ya plastiki chini ya pembe ya A, akaiinua taratibu mpaka ikasema tak. Chini yake mlikuwa na pete ya kahawia kuuzunguka mpira, chembe za majani ya chai na vipande vya maandazi ambavyo havikuwa vya Ijumaa. Akasafisha kwa alkoholi ya fundi na pamba ya masikio, akarudisha kofia. A ikaruka. Nikachapa maswali hadi usiku.

Asubuhi ikawa imekwama tena. Saa sita mchana ikalegea. Usiku, mvua ya masika ilipoanza, ikakwama kuliko siku ya kwanza.

Hapo ndipo mama mkwe wangu, aliyekuwa akikata kashata zake uani, akaingia akiwa na kisu mkononi. Bibi anauza kashata na visheti tangu kabla sijaolewa.

"Inakwama asubuhi, mchana inaachia, ikinyesha inazidi?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi hiyo ni shira. Kashata zangu ndivyo zifanyavyo masika yote, zinavuta unyevu hewani zinalegea na kunata. Na shira haiogopi dawa yenu. Mimi sufuria lililogandia sukari naliloweka kwa maji ya moto. Hiyo alkoholi inajua nini kuhusu sukari?"

Alikuwa sahihi kwa kila neno. Sukari huyeyuka vizuri kwenye maji. Kwenye alkoholi isiyo na maji haiyeyuki ila kidogo sana. Dawa ya fundi ni nzuri kwa saketi, na mafuta ya maziwa iliyaondoa, lakini sukari iliisogeza tu, nayo ikangoja unyevu wa bahari ili inate upya. Alichokisema Bibi ndicho kipimo tulichokikosa. Tulikuwa tumeitazama kompyuta muda wote, hakuna aliyeuliza tabia ya kile kilichomwagika.

Maji ya bomba hatukuyataka, kwa kuwa yakikauka huacha chumvi zake kwenye njia za umeme. Wifi yangu ni muuguzi. Alipopigiwa simu alicheka, kisha akatuelekeza kwenye duka la dawa tununue maji safi ya kuchanganyia sindano, yale ya vichupa vidogo vya plastiki, pamoja na spiriti ya asilimia 70. Spiriti hiyo ina maji ndani yake, ndiyo maana inafaa kwa chai ya maziwa: sehemu moja inayeyusha sukari, nyingine inalegeza mafuta na kuharakisha kukauka.

Kazi tuliigawana. Kichupa cha maji kiliwekwa kwanza kwenye bakuli la maji ya moto kipate uvuguvugu. Mume wangu alishika tochi ya simu. Kijana alizing'oa kofia za upande wa kushoto, isipokuwa vitufe virefu kama Shift, ambavyo chini yake huwa na waya mwembamba wa kuvisawazisha na ni vigumu kuurudisha. Hivyo alivisafisha pembeni kwa ncha ya pamba. Kitinda mimba, ambaye tangu Ijumaa alikuwa akiipita ile meza kwa mbali, nilimpa kofia azioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo kwenye kibakuli cha kashata, na azipange kwenye taulo kwa mpangilio wa picha. Mimi nilipitisha pamba, iliyolowa kidogo tu na kukamuliwa, kwenye kila mkasi, nikibadilisha pamba hadi isitoke tena kahawia. Baada ya maji nikapitisha spiriti. Kisha tukaiacha wazi chini ya pangaboi usiku kucha.

Asubuhi, mvua ikiwa bado inanyesha, kijana akairudisha A: mkasi umelala, kofia juu yake, kidole kikandamize katikati mpaka isikike tak. Ikashuka ikapanda. Bibi mwenyewe akaijaribu, akaandika jina lake, lenye A tatu, na kila moja ikatoka peke yake.

Mitihani ilikwenda kuchapishwa kwa wakati. Ninaloliomba kwa kila nyumba yenye kibodi inayonata ni hili: kabla hujalipa kibodi mpya, tafuta ni nini kilichomwagika na ni nini kinachokiyeyusha, na swali hilo usilipeleke kwa mwenye kujua kompyuta peke yake. Nyumbani kwetu aliyetambua shida ya Shift alikuwa kijana wa shule, aliyeipatia matumizi alikuwa mzee anayeandika kwa mkono mmoja, na aliyeitibu A ni mama muuza kashata. Waulize wote waliomo ndani ya nyumba yako.